Mwendo wa Saa Tano

Hanga Roa, Rapa Nui
29 Machi 2020

Eusebia mke wangu,

Iorana, na salamu za paka, maana ndiye niliyebaki naye mezani.

Naandika kwa sababu mimi na simu unatujua. Juzi Merahi alinibandika yake sikioni akaniambia, "Baba, ni mama huyo, ongea!" Nikasikia kama mtu anakaanga samaki chumba cha pili. Nikasema ndiyo, ndiyo, haya, nikamrudishia binti yako simu yake. Baadaye akaniambia ulikuwa unaniuliza kama nimekula. Basi jibu ni ndiyo.

Ndege zimesimama. Utakuwa umesikia huko. Ile ambayo ungerudi nayo haikuja. Nilivaa shati la kanisani, nikasimama kwenye uzio wa uwanja pamoja na wenzangu wenye mashada ya maua, tukatazama angani upande wa mashariki. Mwisho akatoka mtu ndani akatuambia twende nyumbani, hakuna kinachokuja. Shada lako nimelipeleka kaburini kwa mama yako ili maua yasife bure.

Miaka yote niliyofanya kazi pale, kusukuma ngazi na kufukuza farasi wasiingie njia ya ndege, sijawahi kusikia kimya kama hiki, na mimi hata sisikii vizuri. Wanasema ni wiki mbili, labda mwezi. Wageni walikuwa wakiniuliza ni mbali kiasi gani mpaka Santiago, nami nawaambia ni mwendo wa saa tano. Kuja huku inafika tano na nusu kwa sababu upepo unaipiga ndege usoni. Kwenda huko haifiki hata tano, upepo unaisukuma mgongoni. Kisiwa chetu, nilikuwa nawaambia, kukiacha ni rahisi kuliko kukifikia. Wanacheka. Nami nilikuwa nacheka.

Ndege ya mizigo itaendelea kuja, na barua zitapanda humo pamoja na unga. Nijibu. Niambie jicho likoje.

Lazaro wako


Santiago
17 Aprili 2020

Mzee wangu Lazaro,

Umekula nini? Sikukuuliza kama umekula. Ukiniambia "ndiyo" najua ni mkate na chai.

Jicho la kulia lilipasuliwa salama. Walipofungua bandeji nilimwona daktari, kijana mwenye chunusi, nikamwambia, "Mwanangu, kumbe ni wewe!" Sauti yake ilikuwa ya mtu mzima. La kushoto ndiyo kazi. Lilikuwa lifanyiwe baada ya wiki mbili, sasa wamesema hospitali hazipokei upasuaji usio wa haraka. Mtoto wa jicho anasubiri, wanasema. Basi anasubiri. Natia matone ya dawa kama nilivyoambiwa.

Ivonne ananitunza vizuri. Marehemu mdogo wangu angefurahi kumwona binti yake. Anafanya kazi kiwanda cha mikate, anatoka alfajiri na kibali mkononi, maana huku hutoki nje bila kibali cha polisi, hata kununua kitunguu. Mimi nashinda ghorofa ya sita. Dirisha letu linatazama dirisha la mwingine, na yule mwingine ameshusha pazia.

Jirani mmoja alinikuta kwenye lifti akaniuliza natoka wapi. Nikamwambia, saa tano kwa ndege, upande wa magharibi. Akafikiri sana, akasema, "Mama, magharibi hakuna kitu. Ni maji matupu." Nikamwambia basi ndiko kwetu.

Tunapokula cha jioni huku, huko kwenu jua bado liko juu, mko nyuma yetu kwa saa mbili. Nalala nikijua wewe bado hujarudisha farasi. Ni vibaya kulala kabla yako, sijazoea.

Nilipopanda ngazi ile siku niligeuka nikakuona nyuma ya uzio. Ulisema huwezi kunisindikiza kwa sababu farasi hawana mtu. Sawa. Wasalimie farasi.

Eusebia


Hanga Roa
24 Mei 2020

Eusebia,

Farasi wamepokea salamu zako na hawajafurahi.

Nimekula viazi vitamu, magimbi, na jodari aliyeletwa na binamu yako. Kisiwa kizima kinalima. Wale waliokuwa wanaendesha wageni kwenye magari sasa wana majembe, na wanalishika jembe kama ufagio. Tumerudia mambo ya wazee: familia moja inamsaidia jirani leo, kesho jirani anakuja kwake. Mimi nimelima kuanzia mlangoni mpaka kwenye ukuta wa mawe. Watu hawaishi hapa nyumbani, wanakuja, wanaketi, tunaongea mpaka wanachoka. Usinionee huruma hata kidogo.

Kitu kimoja tu. Kitanda kimekuwa kikubwa. Nimeweka mto upande wako, lakini mto hauna ile miguu yako ya baridi unayoniwekea tumboni kila usiku, wala hauvuti blanketi, wala hauniambii nigeuke. Nilikuwa nakasirika, unakumbuka? Sasa ningelipa ng'ombe ili uniwekee. Na mengine sitayaandika, wewe mwenyewe unayajua, ule mchezo wetu wa siku za mvua. Mvua inanyesha sana mwaka huu.

Barua hii ichome ukishaisoma.

Lazaro


Santiago
12 Julai 2020

Mzee wangu,

Utaona mwandiko si wangu. Kifundo cha mkono wa kulia kimevimba kwa baridi ya huku, kwa hiyo mimi nasema na Ivonne anaandika. Tena miwani yangu niliikalia ikavunjika, kwa hiyo na kusoma anasoma yeye.

(Baba mkubwa, shikamoo. Sehemu ya kitanda niliiruka. Ivonne.)

Mwongo huyu. Aliisoma yote, tena pale kwenye mvua akarudia, akacheka mpaka akakaa chini. Nimemwambia aandike hivyo hivyo. Barua haikuchomwa, ghorofani hakuna pa kuwashia moto.

Nafurahi una watu wa kuongea nao. Mimi huku naongea na redio. Jana nilimwuliza Ivonne, hivi ni kilomita ngapi kufika nyumbani? Akatafuta kwenye kompyuta yake. Akanisomea: kutoka uwanja wa Santiago mpaka uwanja wa Mataveri ni kilomita elfu tatu mia saba na zaidi, muda wa kuruka saa tano na dakika kadhaa, na akasema pamechorwa mstari umepinda kidogo juu ya bahari, huku nukta, huko nukta. Nikamwambia asome tena. Nikamwuliza, "Kompyuta inasema ndege ni lini?" Akasema, "Mama mkubwa, hiyo haisemi." Inajua umbali wote huo, mpaka dakika, na haijui kwamba ndege hakuna.

Jicho halijambo. Usiulize kila barua, unanichosha. Niambie mambo ya huko, niambie vitu vidogo vidogo. Bahari ya leo ina rangi gani? Merahi amefuga nywele au amekata? Andika kama unamwonyesha mtu.

Eusebia


Hanga Roa
6 Septemba 2020

Eusebia,

Nilipofika kwenye jina la Ivonne nilitoka nje nikamaliza barua nikiwa kwenye shamba. Ivonne, mwanangu, mambo ya wazee hayaombi msomaji. Kuanzia leo naandika kama napelekea askofu.

Bahari leo ni ya kijivu, na pale kwenye miamba ya Mataveri inavunjika nyeupe. Merahi amekata nywele kama mwanamume, nikamwambia, akaninunia siku nzima.

Sasa sikiliza. Serikali inaleta ndege mwezi ujao. Moja tu, ya kuwarudisha watu wetu waliokwama huko. Wakishuka watakaa karantini, halafu wanakwenda makwao. Merahi ameliona jina lako kwenye orodha kwa macho yake. Unarudi! Nimepaka nyumba chokaa ndani na nje. Nimetengeneza mlango wa jikoni ule uliokuwa unanigombeza nao tangu binti yako hajaolewa. Nimechagua na mahali pa kuchimba tanuri, nitapika kwa mawe ya moto, kuku na samaki na magimbi. Watu wanasema, "Lazaro, tupunguzie kelele." Mimi sijui kama napiga kelele, si unajua masikio yangu.

Nitasimama pale pale kwenye uzio. Ukishuka ngazi nitakuona.

Lazaro

(Mama, mimi Merahi, nimeichukua barua kabla hajaifunga. Hayo ya watu kujaa nyumbani ni uongo. Haji mtu, na akija baba hafungui, hasikii mlango. Tangu uondoke hali mezani, anakula amesimama. Ndege ya mizigo ikitua anakwenda kuishika ile waya ya uzio mpaka iondoke. Rudi, mama.)


Santiago
11 Oktoba 2020

Mzee wangu Lazaro,

Utakapopata barua hii utakuwa umeshajua. Sikuwemo.

Nilifika uwanjani na mkoba wangu. Pale kwenye foleni nilimkuta msichana, Vaitea, yule mjukuu wa watu wa Vaihu. Alikuja huku kujifungua, na mtoto ana miezi mitatu na baba yake hajamshika hata mara moja. Jina lake halikuwemo. Alikuwa analia bila sauti, mtu analia hivyo akishachoka. Nikampa kiti changu. Wewe ungefanya hivyo hivyo, nakujua.

Ndege nyingine itakuja. Usihangaike juu yangu, mimi huku nimeshazoea. Na asante kwa chokaa.

Kula ukiwa umekaa.

Eusebia


Hanga Roa
1 Novemba 2020

Eusebia,

Barua imefika. Vizuri kama umezoea.

Kuku tuliwala na Merahi na mumewe. Mvua imeanza kuondoa chokaa upande wa baharini.

Lazaro


Santiago
20 Desemba 2020

Mzee wangu,

Kuzoea ni neno tu. Mtu analisema ili mwenzake asilie. Kama ningesema sijazoea, ungefanya nini? Ungeogelea?

Wiki hii ni Krismasi. Ivonne ameleta mkate wa matunda kutoka kazini, na amening'iniza taa kwenye dirisha. Yule jirani wa dirisha la pili alifungua pazia lake, anasema Ivonne, akatupungia mkono. Ni mwanamume mzee peke yake. Nilimpungia na mimi.

Niandikie. Hata ukiwa na hasira niandikie, Ivonne atasoma na hasira.

Eusebia


Santiago
30 Januari 2021

Lazaro,

Ndege za mizigo zimekuja na kuondoka bila barua yako, Ivonne anaulizia kila mara. Merahi amesema kwenye simu kwamba mko hai. Basi nashukuru kwa hilo.

Sina mengi. Huku joto ni kali. Nakaa karibu na dirisha ili nisikie watu.

Eusebia


Hanga Roa
14 Februari 2021

Mpendwa Ivonne,

Barua hii ni yako. Usiisome kwa sauti. Isome ukiwa kazini.

Yule msichana Vaitea nilikuwa namkwepa. Nakuambia ukweli, nikimwona njiani nakata kona, kwa sababu ndiye aliyekalia kiti cha mke wangu. Nasikia alikuja nyumbani zaidi ya mara moja na mtoto mgongoni akagonga, sikumsikia. Jumapili iliyopita alinivizia nje ya kanisa akanishika mkono. Akasema karibu kabisa na sikio langu, "Koro, mzee wangu, nilitaka kukushukuru. Tunamwombea Nua, mkeo, kila siku, Mungu amrudishie macho yake."

Nikamwambia arudie. Akarudia. Nikamwambia, macho gani? Yule mtoto wa watu akageuka rangi. Akasema pale uwanjani, wewe ulipokuwa umetoka kidogo, mama alimwomba amsomee karatasi za safari, na alipokwenda chooni alipapasa ukuta.

Nimesoma tena barua zote tangu Julai. Kifundo cha mkono. Miwani. "Andika kama unamwonyesha mtu." Nami nikamwandikia juu ya nywele za Merahi, nikaona nimemaliza.

Ivonne, mimi ni mzee, usinipake mafuta. Niambie anaona nini na haoni nini.

Baba yako mkubwa,
Lazaro


Santiago
15 Machi 2021

Baba mkubwa, shikamoo.

Naandika hii kwenye chumba cha kubadilishia nguo kazini, nisamehe kwa unga kwenye karatasi.

Ilikuwa Mei ya mwaka juzi, samahani, mwaka jana, hata miaka siijui tena. Aliamka jicho la kulia, lile zima, limekuwa jekundu na linauma. Ilikuwa Jumapili. Nilipiga simu nikaambiwa nisimtoe, hospitali zimejaa wagonjwa wa kifua, atazamwe Jumatatu. Jumatatu wakasema Jumanne. Alipopokelewa usaha ulikuwa umeshaingia ndani. Sijui kama wangemwahi lingepona. Daktari mwenyewe alisema hajui. Lile jicho limekufa, baba. La kushoto lina ule ukungu wake, na umezidi. Anajua pana dirisha na pana taa. Mimi ananijua ni mimi nikishaongea.

La kushoto linaweza kupasuliwa. Ameandikishwa, na watu walio mbele yake ni wengi. Huko kisiwani hakuna daktari wa kulifanya, na akiondoka anapoteza nafasi. Hiyo ni sababu moja ya kukiacha kile kiti. Na Vaitea ni sababu ya kweli pia. Lakini mimi ndiye niliyemshika mkono kwenye foleni, nikamsikia. Alisema, "Lazaro atakuwa kwenye uzio. Ataniona nateremshwa ngazi kama mtoto. Niliondoka nikitembea mwenyewe." Akanigeukia, akasema, "Twende nyumbani, Ivonne."

Ile barua yako ya Novemba, ya maneno machache, nilijaribu kuongeza mawili matatu yangu nilipoisoma. Akajua. Akasema, "Soma alichoandika." Nikasoma. Akaniambia nisome tena, nikasoma. Halafu akaniambia nizime taa anataka kulala. Baba, taa ilikuwa imezimwa. Ilikuwa mchana.

Alinikataza kukuambia. Alisema una masikio mabovu na farasi na kisiwa kimefungwa, inatosha. Sasa umejua. Usimwandikie kwa hasira tena, mimi siwezi kusoma nyingine kama ile.

Mwanao,
Ivonne


Hanga Roa
9 Mei 2021

Eusebia mke wangu,

Ivonne, soma hii polepole, na umkalishe kwanza.

Najua juu ya macho. Usimlaumu Ivonne, wala msichana Vaitea, alidhani mume anajua mambo ya mkewe. Sina hasira. Nilikuwa nayo siku moja, nikaenda nayo shambani, nikang'oa magugu na nusu ya viazi.

Naja huko.

Ndege za mizigo nyakati nyingine zinabeba wagonjwa wanaopelekwa Santiago, na mgonjwa asiye na ndugu hupewa mtu wa kumsindikiza. Kuna mzee wa upande wa Hanga Ho'onu, anaumwa figo, watoto wake wote wako mbali. Nimeomba kuwa ndugu yake. Kijana wa ofisi pale alinijua, nilimfundisha baba yake kusukuma ngazi. Akasema, "Koro, unaelewa lakini? Kutoka unatoka. Kurudi hakuna. Siku watakapofungua kisiwa ndiyo urudi, na siku hiyo hakuna anayeijua." Nikamwambia apige kelele kidogo, sikusikia. Akapiga kelele, ofisi nzima ikageuka. Nikamwambia, "Nimeelewa. Andika jina."

Merahi alilia. "Baba, na wewe? Nitabaki na nani?" Nilikaa naye kwenye ngazi ya jikoni mpaka jioni. Hilo ndilo lililonishinda nguvu, si jingine. Farasi amewachukua mumewe. Nyumba wataifungua wenyewe kila Jumamosi ipate hewa.

Sasa lile jambo la mwaka jana. Sikuja nawe kwa sababu ya farasi, nilisema. Wewe ulijua, na hukunisema mbele ya watu, ulisema tu nikuwekee mkoba kwenye gari. Nimesogeza ngazi kwenye ndege maisha yangu yote ya kazi na sijapanda hata hatua ya tatu. Naogopa. Nitaogopa na safari hii, na nitapanda hivyo hivyo.

Wamenichoma sindano mbili za chanjo, mkono unauma. Nakuletea maganda ya konokono uliyokuwa unatungia mikufu, utatunga kwa vidole.

Usinipokee umevaa vizuri. Kaa tu hapo dirishani.

Lazaro


Santiago
27 Juni 2021

Binti yangu Merahi,

Iorana. Tumefika salama, mimi na yule mzee. Yeye amelazwa, na kesho nikipata kibali nitamtembelea, maana kwenye karatasi bado ni ndugu yake.

Utataka kujua juu ya ndege. Nilipanda. Muuguzi alinifunga mkanda. Ilipokimbia nilifumba macho, na nilipoyafumbua kisiwa kilikuwa kimeshaisha. Chote, Merahi, na mashamba yake na mizimu yake, kinaingia kwenye dirisha dogo kama sahani, halafu hakimo. Baada ya hapo ni maji. Nimezaliwa katikati ya maji hayo na sikujua kwamba ni mengi hivyo. Nilitazama, nikalala, nikaamka, yalikuwa ni yale yale. Yule mzee alinishika mkono njia nzima. Sijui nani alikuwa anamsindikiza nani. Upepo ulitusukuma, tulifika kabla ya saa tano kutimia. Miaka yote nilikuwa nawaambia wageni saa tano kama vile mtu anayetaja bei ya ndizi.

Mama yako hakukaa dirishani. Alisimama mlangoni, na alikuwa amevaa vizuri. Ivonne alisema, "Huyu hapa," naye akanyoosha mkono hewani, akakosea, ukagonga bega, ukapanda mpaka kwenye shavu langu, ukakaa. Akasema kitu. Sikusikia. Akasema tena kwa sauti. Ivonne anasema jirani wa ghorofa ya nne alifungua mlango kuuliza kuna nini, na mimi bado sikusikia. Mwisho akanivuta kichwa akaweka mdomo kwenye sikio la kushoto. "Umekonda," ndicho alichokuwa anasema.

Basi tukalia, sitakuficha. Ivonne akaenda kupasha supu.

Sasa habari zenyewe. Wamempa siku ya jicho, ni mwisho wa Agosti. Daktari, yule yule mwenye chunusi, alisema anaweza kuona kiasi, na pia anaweza asione. Mama yako akamwambia, "Wewe fanya, mwanangu, nishakuona mara moja." Usiku ananiwekea miguu yake ya baridi. Hilo limerudi.

Lakini mji huu, mwanangu. Hakuna anayemwamkia mwenzake. Nilimsalimu mtu kwenye lifti akaangalia viatu vyake. Nikitoka na kibali nazunguka jengo moja, narudi. Mama yako ananiuliza nimeona nini, nami natafuta la kumwambia. Miti wameipanda kwa mstari, na harufu ya bahari haipo kabisa, ukiamka pua inaitafuta. Nimemwuliza kama kweli alizoea. Alicheka, akasema, "Wewe kaa, utajua."

Jioni tunaketi kwenye kibaraza kidogo cha ghorofa, kinatosha viti viwili. Uwanja wa ndege uko mbali, ila ndege zinapita juu ya mji. Yeye huisikia kabla yangu. Hunibana mkono, nami naitafuta angani, nikiipata namwambia inakwenda wapi. Hii inavuka milima. Hii inashuka. Hii kaskazini. Jana moja ilipaa, ikageuka kuelekea baharini, jua likiwa mbele yake. Akanibana mkono tena. Nikaiangalia, nikaiangalia, mpaka ikapinda kaskazini kama wenzake.

"Si yetu," nikamwambia.

Akasema neno. Sikulisikia, na sikumwomba alirudie.

Baba yako,
Lazaro